Farasi wa Bure wa Fundi Yahaya

Katika mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake. Binti akibeba mimba ya kwanza, mume hukaa naye mpaka mwezi wa saba, kisha humrudisha kwa mama yake ajifungulie katika chumba alichokulia na kumalizia arobaini yake humo. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna anayeivunja bila kuulizwa sababu. Ndiyo maana mwaka 1974, mvua za masika zilipoanza kukatika, Mwanahawa, mke wa fundi Yahaya Mussa, alitoa magunia yaliyolundikwa katika chumba cha binti yao Batuli, akakisiriba upya, akanunua chungu cha kuchemshia maji ya mzazi na kupanga kuni kavu nyuma ya mlango. Batuli alikuwa ameolewa Kigwa, kituo cha reli upande wa mashariki, na mkulima wa tumbaku aitwaye Omari. Kilichobaki ni kumleta.

Yahaya alikuwa fundi wa magari. Karakana yake ilikuwa uani kwake, chini ya paa la mabati lililoshikwa na nguzo za mninga. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, aliyepanda na kushuka kati ya Tabora na Bagamoyo akiwa na pembe ya ndovu kichwani, na katika ukoo huo ilikuwa fahari kusema kwamba mzee yule hakuwahi kutua mzigo njiani. Yahaya mwenyewe hakuwahi kubeba kitu kizito kuliko injini, lakini fahari ile aliirithi.

Gari lake lilikuwa dogo, la kijani, la milango miwili, la mbio. Mgiriki mmoja aliyekuwa akilima tumbaku upande wa Urambo alilitelekeza kwake likiwa na injini iliyokufa, akaenda zake kwao. Yahaya aliifufua injini hiyo. Halafu akaanza kuiongezea nguvu, na hapo ndipo ilipoanza kazi iliyomjaa kichwani kwa miaka mitatu.

Nguvu ya injini hupimwa kwa farasi. Matajiri huwanunua farasi hao kwa kuagiza vipuri Ulaya: kabureta pacha, shafti mpya, pistoni zilizofuliwa kwa namna ya pekee. Miaka ile hata mtu mwenye fedha hakuwa na njia ya kuagiza, na Yahaya hakuwa na fedha. Alichokuwa nacho ni tupa, msasa na subira. Alikuwa akisema kwamba kila injini hutoka kiwandani ikiwa na farasi waliofungiwa ndani, na kazi ya fundi ni kuwafungulia. Aliwaita farasi wa bure.

Alianza na uzito, kwa sababu gari jepesi halidai nguvu nyingi. Aling'oa bampa zote mbili, zulia, na kiti kidogo cha nyuma. Kisha akafungua injini na kuzipanua njia za kupitishia hewa kwa tupa, akazisugua kwa msasa alioubandika kwenye kijiti mpaka zikateleza kama ndani ya kikombe. Vitundu vya petroli katika kabureta alivitanua kwa sindano aliyoinoa mwenyewe. Cheche za plagi aliziwahisha kidogo. Sailensa aliitupa, na mahali pake akaunganisha bomba pana lililonyooka, lililokuwa zamani bomba la maji katika shamba la Mgiriki yule yule. Kila kimoja kilileta farasi wachache. Bomba lilileta pia mngurumo uliosikika mpaka sokoni, na watoto wakajua Yahaya anakuja kabla hajaonekana.

Kilichobaki kilikuwa silinda hedi, kile kichwa cha chuma kinachofunika silinda. Ukikinyoa upande wa chini, nafasi ya kubana hewa hupungua, hewa hubanwa zaidi, na mlipuko huwa mkali zaidi. Ni njia rahisi kuliko zote ya kupata nguvu, na ni njia isiyo na marejeo, maana chuma kilichonyolewa hakioti. Kazi hiyo aliifanya Pazi.

Pazi alikuwa Mzaramo, fundi wa mashine za kuchonga chuma, aliyeletwa Tabora na kazi akabaki. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na wawili hawa waliutumikia utani huo kila siku ya Mungu. Pazi hakuwahi kumwamkia Yahaya kama watu wengine. Akiingia uani husema, "Wewe mpagazi, hilo gari unaliendesha au umelibeba kichwani?" Yahaya, bila kuinua uso, humwambia arudi kwao akahesabu nazi. Pazi akikuta chakula anakula bila kukaribishwa. Akiona kofia nzuri anaivaa na kwenda nayo. Mtani hakasirikiwi. Anachosema hakishikwi.

Alipomaliza kukinyoa kile kichwa, Pazi alikileta kimefungwa kwenye gunia, akasema maneno machache bila kucheka. Alisema injini hiyo sasa itakubali petroli ya supa tu, na ikinyweshwa ya kawaida itaanza kugonga, yaani petroli italipuka kabla ya wakati wake na kuzipiga pistoni nyundo. Yahaya alijibu kwamba supa ipo. Ilikuwapo, mwaka huo.

Sabasaba ya mwaka 1973 vijana wa mjini waliandaa mashindano ya magari kutoka Tabora mpaka Kigwa na kurudi. Pazi alimshabikia Anton, msimamizi wa shamba la tumbaku, aliyekuwa na gari jipya kuliko la Yahaya. Waliwekeana nadhiri ya utani: atakayeshindwa atambebea mwenzake sanduku la vyuma kichwani, kutoka stesheni mpaka Ng'ambo, kama wapagazi wa kale. Batuli, ambaye alikuwa ameolewa miezi michache tu, alisimama Kigwa kwenye pipa la kugeuzia, akamwona baba yake akifika wa kwanza na kugeuka huku vumbi likimfunika. Jumapili iliyofuata Pazi alibeba sanduku. Alilibeba huku anaimba wimbo wa wapagazi aliougeuza maneno, akimtukana Yahaya njia nzima, na wanawake walitoka nje kumpigia vigelegele. Kabla ya kulitua alidai marudiano mwaka unaofuata. Yahaya akakubali mbele ya watu.

Mwishoni mwa mwaka huo mafuta yalipanda bei duniani kote, na Tabora supa ikatoweka. Petroli ya kawaida yenyewe ilipatikana kwa foleni. Gari la kijani likaanza kugonga. Dawa yake ilijulikana: kuweka gasketi ya pili chini ya silinda hedi, au kipande cha shaba kilichokatwa kwa umbo la gasketi, ili kichwa kinyanyuke kidogo na ile nafasi iliyonyolewa irudi. Ni kazi ya alasiri moja. Lakini farasi hutoroka, na Sabasaba ilikuwa inakuja. Yahaya aliamua kuliendesha taratibu na kungoja.

Ni Pazi aliyekikata kipande hicho cha shaba. Alikipima kwa makini, akakitoboa matundu yote mahali pake, akakisugua mpaka kikang'aa. Kisha akakileta mbele ya wateja na kukipunga hewani.

"Mpagazi," alisema, "nimekukatia nepi ya injini yako. Mfunge mtoto kabla hajakuchafulia njiani."

Watu walicheka. Yahaya naye alicheka. Alimwambia kwamba Mzaramo anayeogopa kubeba sanduku mara ya pili hana haja ya kuleta hongo, akachukua kile kipande na kukitundika ukutani kwenye msumari, juu ya meza ya vifaa, ili kila anayeingia akione na kuulizia. Kila aliyeulizia alisimuliwa kisa cha nepi.

Mwezi wa tano Batuli alifikisha miezi saba. Mwanahawa alikwisha kupanga kila kitu: Batuli angepanda treni ya Jumanne pamoja na Siwema, dada wa Omari, mwanamke mtu mzima aliyezaa watano. Yahaya alipinga. Alisema binti yake hawezi kurudi kwao akiwa amebanwa na makuku na magunia ilhali baba yake ana gari linalojulikana mkoa mzima. Mwanahawa alimkumbusha kwamba gari linagonga. Akajibiwa kwamba linagonga likikimbizwa, na yeye hatalikimbiza. Yahaya alimtuma mfanyakazi mmoja wa reli apeleke neno Kigwa kwamba Batuli asipande treni, baba anamfuata mwenyewe Alhamisi. Treni ya Jumanne ikapita Kigwa, na Batuli hakuipanda.

Alhamisi asubuhi Yahaya alifika bila taabu. Kijiji kizima kilikuja kulitazama gari. Omari alifunga mizigo ya mkewe nyuma kwa kamba, na Siwema akaja amejitanda kanga safi, tayari kwa safari. Alizunguka gari mara moja, akachungulia ndani.

"Baba, mimi nitakaa wapi?"

Pale palipokuwa kiti cha nyuma palikuwa bati tupu. Yahaya alicheka kwa aibu, akamwambia atafuata kwa treni ya Jumamosi. Siwema alimtazama Batuli, halafu akamtazama kaka yake Omari. Hakuna aliyetaka kumpinga mkwe. Batuli aliingia, mlango ukafungwa.

Njia ya kurudi ilikuwa na mchanga. Gari lenye mizigo, likivuta mchangani wakati jua limepanda, hudai nguvu hata likienda polepole. Yahaya hakukimbia. Katika hilo alilishika neno lake. Siku zote alijivunia kuitambua injini kwa masikio. Mteja akimweleza ubovu alikuwa akimkatiza, anamwambia awashe tu asikie. Lakini siku ile bomba pana lilinguruma chini ya miguu yao, ngurumo zikajaa ndani ya gari, na zile nyundo ndogo za pistoni, ambazo fundi yeyote angezisikia katika gari lenye sailensa, zilifunikwa. Batuli ndiye aliyeona kwanza.

"Baba, kunanuka moto."

Yahaya alimwambia kwa sauti ya juu, ili asikike, kwamba ni joto la njia. Haukupita muda injini ikapiga kishindo kimoja, moshi wa bluu ukatanda nyuma, na gari likasimama msituni. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa. Alifungua boneti kwa mazoea tu. Pistoni ilikuwa imetoboka, na alilijua hilo kabla hajaigusa.

Kwanza hakuogopa. Barabara ile aliijua, ndiyo njia ya babu yake. Walikaa kivulini wangoje gari lipite. Halikupita. Mwaka ule wa foleni za petroli magari yalikuwa machache. Adhuhuri Batuli aliacha kuzungumza. Akawa anashika mgongo na kuuma ncha ya kanga. Yahaya alimuuliza ni nini, akajibiwa kwamba si kitu. Baadaye akajibiwa jambo jingine.

"Baba, nenda katafute mwanamke," Batuli alisema. "Nenda. Usiniangalie."

Baba hamzalishi binti yake. Yahaya alimtandikia kanga, akamwachia maji yote, akaenda. Alijua kwamba mbele kidogo, karibu na kijito, kulikuwa na kaya za Wanyamwezi. Aliwahi kutengeneza baiskeli pale, na mwenye nyumba alimpa asali. Alikimbia mpaka huko. Nyumba zilikuwapo, milango ilikuwa imeng'olewa. Mafiga yalikuwa baridi. Watu walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa tangu kiangazi kilichopita, kama walivyohama wengi wengine kando ya barabara ile. Yahaya aliita, akaenda kaya ya pili, akaita. Kisha akakata msitu kuelekea relini, kwa sababu reli haihami.

Katika nyumba za wafanyakazi wa njia alimkuta Paskazia, mke wa nyapara, anapepeta mahindi. Mama huyo hakuuliza maswali. Alichukua wembe, uzi na kitambaa, akafuatana naye kwa miguu. Walipofika, Batuli alikuwa amekwisha kujifungua peke yake, ameegemea gurudumu. Mtoto alikuwa mwanamume, mzima wa viungo, mwenye kitovu kilichozunguka shingo. Paskazia alimgeuza, akampulizia, akampiga nyayo. Hakulia. Alipokata tamaa alimfunga kile kitambaa na kumrudishia mama yake, akasema kwa upole kwamba mkono wa pili pale, wa mwanamke yeyote, ungemwondolea ile kamba.

Walirudishwa Tabora kwa toroli la reli. Batuli alikaa katikati, mtoto mapajani, mgongo ameuelekeza kwa baba yake.

Mwanahawa aliwapokea mlangoni. Chungu kilitumika, kuni zilitumika, Batuli alikandwa na maji ya moto kama mzazi yeyote. Kuhusu yaliyotokea, alimwambia mumewe neno moja, usiku huo na miaka yote iliyofuata. Alisema, "Baba Batuli, treni ilipita." Kisha akaenda kulala na binti yake.

Mtoto ambaye hakulia haswaliwi. Aliogeshwa, akafungwa sanda, akapelekwa makaburini na wanaume wachache. Pazi alichimba kaburi. Msibani mtani ana kazi yake: huwazuia wafiwa njia mpaka wamlipe, hujilaza kaburini akidai ni nyumba yake, humkejeli marehemu na waliobaki, mpaka mwenye msiba, hata kama hataki, atabasamu. Hakuna anayelaumiwa kwa hayo. Anayelaumiwa ni mtani asiyefika. Pazi alifika mapema kuliko wote. Watu walingoja aanze. Alichimba, akapanda juu, akajifuta udongo mikononi, akasimama nyuma ya watu. Yahaya aligeuka kumtazama, kama mtu anayeomba kitu. Pazi aliinamisha kichwa.

Baadaye Pazi aliwaambia jirani zake kwamba alikuwa na maneno tayari, na yalipofika mdomoni aliikumbuka nepi. Alisema lile lilikuwa onyo, nalo alilivika nguo za utani kwa sababu kati yake na Yahaya hakukuwa na nguo nyingine. Kama angelisema kama mtu baki, angesikilizwa.

Tangu siku hiyo wakikutana njiani waliamkiana vizuri. Habari za asubuhi, fundi. Njema, fundi. Habari za nyumbani. Watu wa Ng'ambo walioisikia adabu hiyo kati ya Mzaramo na Mnyamwezi waliona haya kuisikiliza. Mashindano ya Sabasaba hayakufanyika mwaka huo, kwa ajili ya uhaba wa petroli.

Batuli alimaliza arobaini yake, akapanda treni na kurudi kwa mumewe.

Gari lilivutwa mpaka uani likakaa. Miezi mingi baadaye Yahaya alipata pistoni kuukuu inayolingana, akaipachika. Kisha alikitoa kipande cha shaba ukutani na kukiweka chini ya silinda hedi. Matundu yote yalikaa sawasawa. Ilikuwa, kama ilivyojulikana, kazi ya alasiri moja. Alirudisha cheche nyuma na kufunga sailensa ya lori. Injini ikawaka ikiwa dhaifu, tulivu, inayokubali petroli yoyote. Hakuliendesha gari hilo tena.

Mwaka 1976 kijiji cha Kigwa kilikuwa na mashine ya kusagia mahindi isiyo na injini. Yahaya alisikia, akaing'oa ile ya gari, akaisindikiza kwa treni na kuifunga mwenyewe. Kamati ilitaka kumshukuru kwenye mkutano, akaomba wasifanye hivyo. Kila baada ya muda alikwenda kuikagua.

Batuli alikuwa na mimba tena. Wanawake wa Ng'ambo waliijadili mimba hiyo na kukubaliana kwamba ada bado haijatimizwa. Mtoto wa kwanza aliyelia alikuwa bado hajazaliwa, kwa hiyo chumba bado kinamngoja. Mwanahawa alitoa magunia tena, akasiriba tena. Safari hiyo Yahaya alipokwenda kukagua mashine alibeba ujumbe wa mkewe, na alikata tiketi tatu za kurudia: yake, ya Batuli, na ya Siwema.

Alimkuta Batuli kwenye foleni ya mashine, na beseni la mahindi miguuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako anasema chumba kiko tayari. Tutakwenda kwa treni. Siwema naye."

Batuli alisogeza beseni mbele kidogo, kwa sababu foleni ilikuwa imesogea. Alisikiliza injini kwa muda.

"Siku hizi haigongi," alisema.

"Haigongi."

"Nitazalia hapa, baba. Siwema yupo. Mwambie mama asikasirike."

Hakusema kwa ukali. Zamu yake ilipofika alimimina mahindi, akangoja unga, akajitwika, akamuaga baba yake kwa heshima zote na kwenda kwake. Yahaya alikaza mkanda wa mashine uliokuwa umelegea, akajifuta mikono, akaenda stesheni kungoja treni.

Mwanahawa alimwona anaingia peke yake. Asubuhi yake aliyarudisha magunia chumbani.